Mbano Usiokuwepo

Mimi ndiye niliyemwambia Lyall aje. Nilimpigia simu mjini Adelaide anakoishi, Jumapili baada ya ibada, nikamwambia kama anataka kujua mama yake yuko vipi, asimwangalie jikoni, aje amwangalie kwenye karata. Mtu aliyepotewa na akili hawezi kucheza briji, nilimwambia. Nilisema kwa uhakika mkubwa, na simu ilipokatika nikabaki nimeikumbatia simu kifuani, nikijiuliza nimefanya nini.

Dulcie ni wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu Hedley. Tumekaa nyumba mbili zinazotazamana hapa mji mdogo wa Moonta miaka mingi, yeye mjane na mimi mjane, na uzio kati yetu ulishaoza tukaacha uanguke. Mwaka ule, baridi ilipoanza, mambo yake yalianza kuyumba. Alisahau birika jikoni likaungua mpaka chini. Siku moja aliendesha gari kwenda Kadina, mji jirani, kununua nyuzi, akakutwa amekaa ndani ya gari nje ya duka la nyama, injini inanguruma, hajui alikuwa anakwenda wapi. Mara moja, mara moja tu, aliniuliza Hedley atarudi saa ngapi. Sikumwambia mtu hilo.

Lakini ya birika na ya gari yalimfikia Lyall, mtoto wake wa pekee. Akaja na picha za makao ya wazee ya huko mjini, bustani nzuri, wauguzi wanatabasamu. Dulcie aliziangalia moja moja, akazirudisha kwenye bahasha, akasema ni pazuri, akauliza anayepelekwa ni nani. Lyall hakucheka. Aliniambia pembeni kwamba akishajiridhisha tu, ataiweka nyumba sokoni kabla ya Krismasi. Si mtoto mbaya. Alikuwa na hofu, na mtu mwenye hofu anataka jambo liishe.

Basi Jumatano akaja. Tunacheza ukumbi wa chama cha wanawake, saa saba mchana, meza sita au saba siku ya mvua. Bibi yangu angejua angelia; kwao karata zilikuwa kitabu cha shetani, na kanisani kwetu bado wapo wazee wanaonitazama. Lakini hatuchezi kwa hela, na mimi huomba kabla ya kutoka nyumbani kama ninavyoomba kabla ya safari. Siku ile niliomba mara mbili. Nilimwomba Mungu wifi yangu asiaibike. Sikuombea kushinda.

Dulcie alifurahi kumwona mwanawe. Alidhani amekuja kwa ajili ya pasti yangu, kile kitafunio cha nyama na viazi. Lyall akavuta kiti akakaa nyuma yake, mahali pa mtazamaji, anapoziona karata za mama yake na haruhusiwi kusema neno. Alifundishwa mchezo na mama yake huyo huyo, akiwa mdogo, mezani kwao. Alikuwa anaelewa kila anachokiona, na hilo ndilo nililoliogopa.

Kwa sababu nilikuwa najua jambo ambalo yeye hajui. Jumatano iliyotangulia Dulcie alitupa shupaza kwenye mzunguko wa kopa wakati ana kopa mkononi, na ukiwa na rangi inayochezwa lazima uifuate. Kosa la mtoto anayeanza. Nilimuuliza, kama sheria inavyoniruhusu, "Huna kopa, mwenzangu?" akatazama, akaipata, akasema ilikuwa imejificha nyuma ya uru. Watu wakacheka, mchezo ukaendelea. Miaka yote niliyocheza naye, haijawahi kujificha.

Mizunguko ya mwanzo ilikwenda kawaida. Tulishinda kidogo, tulishindwa kidogo, karata zilikuwa zile za kila siku ambazo hata mtu aliyelala angezicheza. Nilimwona Lyall anatazama saa. Halafu wakaja mezani kwetu Merv Opie na Lorna Skewes.

Merv alilima shayiri nje ya mji mpaka magoti yakamkatalia. Anacheza briji tangu akiwa kijana, na ndiye mchezaji bora wa klabu yetu, hilo hata asiyempenda atalikubali. Hatupi karata bila sababu. Lorna mwenzake ni mwepesi wa mdomo, akipata karata mbili nzuri lazima ataje kitu. Alipoketi alimwambia Lyall kwamba amenenepa, mji unamlisha vizuri. Merv yeye alimsalimia Dulcie kwa upole ambao sikuuzoea, akamvutia kiti, akamuuliza kama anasikia baridi. Dulcie akamwambia, "Merv, umeuza shamba, hujauza adabu. Kaa tucheze."

Karata zikagawanywa, na kwanza kila mmoja hutaja rangi na mizunguko anayoahidi kula. Dulcie alikuwa na mkono mzito na akaanza kwa kishindo. Mimi nilikuwa na vya kumsaidia. Lorna, kama kawaida yake, akachomeka maua katikati, hana nguvu, kutuudhi tu. Dulcie hakumtazama hata. Alipanda mpaka juu, akaahidi mizunguko kumi na miwili kati ya kumi na mitatu, bila turufu. Maana yake tungeruhusiwa kupoteza mmoja tu.

Merv akafungua na nane ya maua, ile rangi aliyoitaja Lorna. Nikalaza karata zangu zote mezani, wazi, kama inavyompasa mwenza wa anayecheza. Kuanzia hapo mimi ni bubu. Ndivyo tunavyomwita. Bubu hutoa karata anayoambiwa atoe, hashauri, hakunji uso, hakohoi. Nimekaa kanisani kwenye mazishi mengi bila kutikisika, lakini hakuna kimya kigumu kama cha bubu anayemwona mwenzake anaelekea shimoni.

Nilihesabu. Shupaza zake tano za juu, najua anazo kwa namna alivyotaja. Kopa mbili kubwa, ree yake iliyo juu ya zote na mfalme wangu. Uru tatu kubwa kati yetu. Ree ya maua. Kumi na moja. Wa kumi na mbili haupo. Kilichokuwepo ni sita ya uru, kijikarata changu cha nne cha rangi ile, ambacho kingekula tu kama uru kubwa zote za wapinzani zingekuwa zimeisha.

Lorna akaweka bibi wa maua. Dulcie alikuwa na ree mkononi. Akaweka nne.

Nyuma yake kiti cha Lyall kilisogea.  Ameachia mzunguko ambao angeula, na sasa hana tena wa kupoteza. Nikasema moyoni, Bwana, ndiyo hii. Ameisahau ree yake kama alivyoisahau ile kopa. Nilitazama mikono yake. Ilikuwa imetulia. 

Ilinichukua mzunguko mzima kuelewa. Kama unataka kumbana mtu, lazima umpe kwanza kile utakachompa, ili mwishoni abaki bila nafasi. Unakula karata zako zote zenye nguvu, moja baada ya nyingine, na yeye kila mara lazima atupe kitu. Mwisho anabaki na vya lazima tu, amesimama kwenye milango miwili, na wewe unamlazimisha aache mmoja. Ule ndio mbano. Dulcie ndiye aliyenifundisha, mimi niliyeacha shule baada ya darasa la saba, akaniambia huhitaji hesabu kubwa, unahitaji kufika kumi na tatu tu, mara nne.

Lorna akaleta kopa. Dulcie akala kwa ree, akavuka kwenye karata zangu kwa mfalme. Lorna akafuata mara zote mbili. Kisha wifi yangu akaacha kutaja karata.

 Mvua ilikuwa inapiga bati, meza nyingine zilikuwa zimeshamaliza, mtu alikuwa anagonganisha vikombe kule nyuma. Macho ya Dulcie yalikuwa dirishani, kwenye kioo chenye ukungu, na midomo yake inatembea bila sauti. Nimeiona hali hiyo nyumbani kwake, amesimama katikati ya jiko, hajui amefuata nini. Lyall alikuwa ameinama mbele, viwiko magotini. Hakuwa anaangalia karata tena, alikuwa anamwangalia mama yake shingoni. Lorna akafungua mdomo kusema kitu cha kuchekesha, Merv akamtazama, akaufunga.

"Shupaza," Dulcie akaniambia mwishowe.

Nikampa. Akala kwa ree, akashusha mfalme, akashusha bibi. Wote walifuata mara tatu. Ya nne, Merv akatupa kopa, Lorna akatupa ua. Halafu akaila ree yake ya maua, Merv akafuata na saba, na nikajua kwamba maua yake yameisha; nane na saba, ndizo alizokuwa nazo, na makubwa yote yako kwa Lorna.

Hapo na mimi nikafika mwisho wa hesabu, na nikatamani nisingefika. Lorna alitaja maua, anayo matano. Shupaza tatu. Kopa mbili alizozionyesha. Hizo ni kumi. Zimebaki tatu, na hata zote zikiwa uru hawezi kuwa na nne. Analinda maua, lakini hawezi kuulinda na mlango wa uru. Kama uru zimegawanyika tatu kwa tatu, sita yangu italala salama. Kama Merv anazo nne, basi milango miwili ina walinzi wawili, na walinzi wawili hawabanwi. Merv ana karata ya bure ya kutupa. Ahadi itavunjika kwa mmoja, na Lyall ataona mama yake ameachia maua mwanzoni, akavunja ahadi mwishoni, na atamwandikisha kule makao ya mjini.

Dulcie akashusha shupaza ya tano, ya mwisho.

Merv alikuwa na karata tano mkononi. Alizitazama. Akamtazama Dulcie, halafu, upesi sana, akamtazama Lyall. Mimi huwa natazama, ndiyo kazi pekee ya bubu. Alivuta karata moja, akairudisha, akavuta ya pembeni yake, akaiweka mezani taratibu. Tatu ya uru.

Kilichofuata kilikwenda haraka. Bibi wa uru, Merv akafuata, Lorna akafuata. Ree yangu, wakafuata wote. Mfalme wangu, Merv akafuata na ghulamu, Lorna akatupa ua. Na sita yangu ndogo ikabaki peke yake katikati ya meza, hakuna uru nyingine duniani, ikala. Mizunguko kumi na miwili.

Lyall alishusha pumzi mpaka nikaisikia. Alimgusa mama yake begani. "Mama," akasema, "mbano. Umembana Merv Opie." Sauti yake ilikuwa ya mtoto. Na mimi nilipaswa kushukuru, sala yangu imejibiwa mbele ya macho yangu. Lakini nilikuwa naitazama karata ya mwisho aliyoiangusha Merv juu ya sita yangu. Ilikuwa tisa ya kopa. Haikuwa na kazi yoyote. Angeitupa ile, akabaki na uru zake nne, na sisi tungeanguka.

Nikajiita moyoni kwa jina langu, Una, funga mdomo. Nikanyoosha mkono nikusanye karata zangu kabla mtu mwingine hajaiona.

"Ziache," Dulcie akasema.

Hakuwa ananiangalia mimi. Aliweka kidole kwenye ile tisa.

"Merv, hii ulikuwa unaiwekea nini?"

Merv akasema amekosea. Akasema macho ya uzee, alidhani mimi bado nina kopa mezani.

"Mwenzangu alizimaliza kopa zake zote ukiangalia. Mizunguko yangu miwili ya shupaza ndiyo iliyozitoa." Alisema bila hasira, kama mtu anayesoma. "Ulikuwa na uru nne. Lorna mbili, kwa sababu ana kopa tatu, maua matano na shupaza tatu. Hapakuwa na mbano pale, Merv. Nilijua tangu Lorna alipofuata shupaza ya tatu. Nilizikimbiza shupaza kwa sababu ndicho kilichobaki kufanya. Wewe hujawahi kuingia mtego wa namna hiyo, hata ukiwa na homa. Umenipa."

Lorna alitaka kuangalia, akageuza karata zake zilizolala mbele yake, kwani kwetu kila mmoja hubaki na zake. Kopa tatu, uru mbili, maua matano, shupaza tatu. Akazirudisha kimya. Sijawahi kumwona Lorna kimya.

"Andika kumi na moja, wifi," Dulcie akaniambia.

Nikamwambia sheria hairuhusu. Mzunguko ulioliwa umeliwa.

"Basi andika unavyotaka. Lakini aniambie kwa nini."

Merv alikuwa mwekundu mpaka kwenye kipara. Ni mtu mkweli, na mtu mkweli akibanwa hana pa kutokea. Akasema, "Kijana wako alinipigia simu, Dulcie. Jumatatu. Aliniuliza unachezaje siku hizi. Aliniambia anakuja kukuangalia na kwa nini." Akaikunja mikono yake mikubwa. "Sikutaka iwe kwenye meza yangu."

Hapo ndipo Dulcie alipojua. Niliona inavyomwingia, polepole, kama maji yanavyoingia kiatuni. Hakumgeukia mwanawe. Alinigeukia mimi.

"Na wewe ulijua, wifi?"

Ningeweza kusema sikujua. Lyall asingenisaliti, nilimwona anavyonitazama. Lakini siwezi kusema uongo mchana na kuomba jioni.

"Mimi ndiye niliyemwita," nikasema.

 Dulcie alichukua karata zake, akazipanga vizuri, akazirudisha kwenye nafasi yake. Mikono ile ile iliyotulia. Merv alinyanyuka akiomba samahani kwa kila mtu, hata kwa kiti, akaenda na Lorna kwenye chai. Tukabaki watatu, na nilitamani mvua izidi ili pasiwe na haja ya kuzungumza.

Lyall ndiye aliyeanza. Alizunguka akakaa kwenye kiti cha Merv, uso kwa uso na mama yake. Alisema amekosea kuuliza watu wa nje. Akasema hakuna mtu pale ukumbini aliyeiona ile kopa, hata yeye hakuiona, na yeye alikuwa anaziona karata zake na zangu. Hawezi kumpeleka popote mtu anayejua kila karata iliyoko mkononi mwa mtu mwingine. Atanunua jiko linalojizima lenyewe. Gari tutalizungumza. Nyumba haiuzwi.

"Na bahasha yako?" Dulcie akamuuliza.

"Nitaichana."

"Usiichane. Iweke. Siku ikifika nitakuomba mwenyewe." Akamnyooshea kidole kile kile. "Ukitaka habari zangu, niulize mimi. Usimuulize Merv Opie, atakupa karata asiyopaswa kukupa."

Lyall akacheka, na macho yake yalikuwa na maji. Akaenda kutuletea chai. Nikabaki naye peke yangu, meza kati yetu.

Nilitaka kumwambia mambo mengi. Kwamba nilimwita Lyall kwa sababu nilimwamini yeye, Dulcie, kuliko nilivyoiamini ile hofu yangu. Kwamba sijamwambia mtu habari ya Hedley. Nikashindwa hata la kwanza. Yeye akasema tu, "Ungeniambia, wifi. Ningevaa ile sweta nzuri."

Nikacheka, naye akacheka kidogo, na nikajua sijasamehewa bado ila nitasamehewa. Moyo wangu ulitulia kwa mara ya kwanza tangu Jumapili. Nikamshukuru Mungu pale pale, macho wazi.

Wakaja wengine mezani, mtu na mkewe kutoka Wallaroo, wenye adabu, hawajui kilichotokea. Karata mpya zikawekwa. Kwetu ni desturi, kabla hujaziangalia unazihesabu zikiwa kifudifudi, usije ukaanza na pungufu. Nikazihesabu zangu, nikafunua.

Dulcie alikuwa bado anahesabu. Aliziteremsha mezani moja moja, midomo inatembea, mpaka ya mwisho. Akasita. Akazikusanya zote, akaanza upya. Alifika katikati, akasimama, akaitazama karata aliyoishika kama mtu aliyesimamishwa njiani akaulizwa jina lake. Kisha akaanza mara ya tatu.

Lyall alikuwa kule nyuma anamimina chai, anacheka na Lorna. Mgeni wa Wallaroo alikuwa anafuta miwani yake.

"Kumi na tatu, mwenzangu," nikamwambia kwa sauti ya chini, zikiwa bado kifudifudi; nilizihesabu alipokuwa anaziteremsha. "Ziko sawa."

Dulcie akaniangalia. Akazifunua.